Ritani za waheshimiwa: bahasha yetu, hiari ya Wazungu, orodha ya Pakistan ama uwazi wa Norway?

Kila tarehe 30 Juni mimi hunipati nyumbani, niko saiba, manake kufaili ritani, ile fomu ya mapato na ushuru ya mwaka, naahirisha mpaka siku ya mwisho kama nusu ya mtaa, na kuna mwaka nililala kabisa nikalambwa faini ya elfu mbili, wa kumlaumu hakuna, ni mimi. Sasa ukiwa umekaa pale na kitambulisho mkononi ndo maswali huja. Mbunge wetu yeye amefaili? Alilipa ngapi? Gari lake nalijua, harusi ya mwanawe tulikula biriani, lakini shilingi ngapi zimetoka kwake zikaingia kwa serikali sijui na sina pa kuangalia.

Mwezi wa sita 2024 tuliona wote. Mswada wa Fedha ulitaka kukusanya kama bilioni 346 zaidi, mkate mle ndani, mafuta ya kupikia mle ndani, vijana wakatoka, tarehe 25 wakaingia bungeni, watu wakauawa, kesho yake Rais Ruto akasema hasaini. Ila ukikumbuka vizuri zile wiki watu walikuwa wanapiga hesabu nyingine kabisa, saa za mkononi za waheshimiwa, mishipi, viatu, hii bei gani na mshahara wake si ni huu. Kwa kukosa ritani zao tunasoma saa zao.

2027 inakuja na wagombea washaanza kuzunguka, kwa hivo nikaona nipange mitindo minne ubavu kwa ubavu, vile nchi tofauti zinafanya na ushuru wa wanasiasa wake, ndo mtu ukiamua kudai kitu ujue unadai kipi. Nasema mapema mimi nina upande, utauona.

BAHASHA (hii ni yetu)

Kenya hatuanzi sufuri, tuseme ukweli. Kabla ya katiba mpya mbunge alikuwa akichukua kama 851,000 kwa mwezi na iliyokatwa ushuru ni 200,000 tu ya mshahara, zile nyingine ni marupurupu, hayaguswi. Katiba ya 2010 ikaziba hilo tundu, kifungu 210(3), hakuna sheria itakayomwachilia afisa wa serikali asilipe ushuru eti kwa ajili ya cheo ama kazi yake. 2011 KRA, mamlaka yetu ya ushuru, walipowapelekea bili wengi waliruka kimanga, wakasema hiyo ingoje bunge lijalo. Kumbe wenye kupitisha ushuru wa wengine nao wakiletewa wao huumwa tumbo kama sisi.

Leo wanakatwa. Tatizo limehamia kwenye kile kisichokuja na mshahara. Tangu sheria ya maadili ya 2003 kila mtumishi wa umma anajaza fomu ya mali na madeni kila baada ya miaka miwili, yeye, mke ama mume na watoto wadogo, halafu fomu inaingia kwa bahasha, bahasha inaingia kwa kabati. Ukitaka kuiona lazima uombe na uonyeshe una sababu ya maana, na raia wa kawaida sababu yake ni kwamba anataka kujua tu, hiyo haihesabiki. Sheria mpya ya mgongano wa maslahi ya 2025 imewapa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, nguvu zaidi ya kusimamia, sawa, lakini bado siwezi kukaa na simu yangu hapa nikasoma ya mbunge wangu.

Pale tunapopata mwanga ni siku ya kupigwa msasa bungeni. Mawaziri wateule wanaulizwa utajiri wako ni ngapi, wanataja laivu kwenye TV, Mudavadi 2022 alisema kama bilioni 4, Joho 2024 kama bilioni 2.3. Nchi nzima inashika mdomo, memu zinatoka, imeisha. Simsemi mmoja wao vibaya hapa, walijibu walichoulizwa. Shida ni swali lenyewe, utajiri tunausikia na ushuru hatuusikii, na bila ile namba ya pili hii ya kwanza haina kazi, ni kama kuambiwa mtu amefunga mabao matano hujaambiwa mechi ngapi.

Na ndo maana Oktoba 2021 Pandora Papers, zile nyaraka za siri zilizovuja, zilipotoka zikataja kampuni na wakfu za ng'ambo za familia ya Kenyatta, tulibaki kubishana hewani. Uhuru mwenyewe, rais wakati huo, akasema ripoti zile zitasaidia uwazi. Kuwa na kampuni ng'ambo si kosa kwa sheria, lakini aliyetaka kumtetea hakuwa na karatasi na aliyetaka kumshutumu hakuwa na karatasi.

Majirani pia ni bahasha. Tanzania viongozi wanapeleka tamko la mali na madeni kwa Kamishna wa Maadili kila mwaka kabla Disemba kuisha, kwa hilo la kila mwaka wametushinda, lakini bahasha ni bahasha. Uganda wao 2016 wabunge walijipitishia marupurupu yao yasikatwe kodi ya mapato, halafu 2018 mwananchi akaanza kulipishwa shilingi 200 kwa siku kuingia WhatsApp. Sihitaji kuongeza kitu.

HIARI (Marekani na Uingereza)

Huku kiongozi anatoa ritani mwenyewe kwa sababu ni desturi ama kwa sababu amebanwa. Wengi wetu tukisema tuige wazungu huwa tunafikiria hii, na kwangu mimi hii ndo ya kuogopa zaidi, manake inafanana na uwazi mpaka siku ukiihitaji.

Marekani ilianzia kwa Nixon. Rais anapokea mshahara wa dola 200,000, gazeti moja 1973 likapata habari kwamba mwaka wa 1970 kodi aliyolipa ni dola 792, na 1971 ni dola 878. Alikuwa ametoa makaratasi yake ya zamani ya umakamu wa rais kama zawadi kwa hifadhi ya nyaraka ya taifa akayakadiria zaidi ya nusu milioni ya dola, akajipunguzia kodi nayo, na hati ya zawadi ikaja kujulikana ilirudishwa tarehe nyuma, manake sheria ilikuwa ishafunga mlango huo. Ndo akasimama Novemba 1973 akasema watu wana haki ya kujua kama rais wao ni mwizi na yeye si mwizi. Watu wengi hudhani ile kauli ilikuwa ya Watergate tu, kumbe alikuwa anaongea habari ya pesa zake. Kamati ya bunge ikapiga hesabu ikakuta anadaiwa kama dola 476,000 pamoja na riba.

Kutoka hapo ikawa desturi, Carter mpaka Obama wanatoa, na IRS, watoza kodi wa kule, ikajiwekea kanuni kumkagua rais kila mwaka. Miaka arobaini watu wakaizoea wakadhani ni sheria. Akaja Trump 2016 akasema hatoi, basi hatoi. Hakuna polisi wa desturi. New York Times 2020 wakaandika alilipa dola 750 kodi ya serikali kuu 2016 na 750 tena 2017, na mpaka kamati ya bunge ikatoa ritani za miaka sita ilikuwa Disemba 2022, ashatoka ikulu, kesi ishaenda mpaka mahakama ya juu. Na kilichoonekana mle kilichonishtua mimi si zile namba, ni kwamba ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka IRS hawakuuanza miaka yake miwili ya mwanzo. Yaani mlinzi alikuwa amelala na kwa sababu faili ni siri hakuna aliyejua amelala.

Uingereza sasa. Aprili 2016 Panama Papers, nyaraka nyingine zilizovuja, zinamtaja babake waziri mkuu David Cameron na mfuko wa uwekezaji uitwao Blairmore. Siku ya kwanza ofisi yake inasema hilo ni la binafsi. Kila siku jibu linabadilika kidogo. Mwisho anakubali alikuwa na hisa, aliziuza Januari 2010 kwa kama pauni 31,500, miezi michache kabla awe waziri mkuu, na anatoa muhtasari wa kodi zake za miaka sita, waziri mkuu wa kwanza kufanya hivo. Wengine wakafuata, na ikajulikana Jeremy Corbyn kiongozi wa upinzani alichelewesha ritani yake akapigwa faini ya pauni 100. Hapo nilimpenda yule mzee, ni mwenzangu wa saiba.

Rishi Sunak naye, akiwa waziri mkuu, akatoa wa kwake Machi 2023. Miaka mitatu alilipa zaidi ya pauni milioni moja, na ukigawanya kwa mapato yake inakuja kama asilimia 22. Muuguzi ama mwalimu anaposoma hivo anauliza, huyu ana mamilioni analipa asilimia sawa na mimi? Jibu ni kwamba pesa zake nyingi zilikuwa faida ya uwekezaji, na Uingereza faida ya uwekezaji ilikuwa inatozwa chini kuliko mshahara. Halali mia kwa mia. Mwaka mmoja nyuma, 2022, mkewe Akshata Murty alikuwa ameonekana anatumia hadhi ya mtu ambaye makao yake ya kudumu si Uingereza, kwa hivo mapato yake ya nje hayakutozwa kule, halali pia, mumewe akiwa waziri wa fedha. Alitangaza ataanza kulipa.

Halafu Nadhim Zahawi, huyu nampenda kwa mfano. Julai 2022 anafanywa waziri wa fedha, bosi wa watoza kodi, na wakati huohuo watoza kodi wako naye mezani juu ya kodi yake mwenyewe. Ikaishia kwa malipo ya karibu pauni milioni 5 pamoja na adhabu, watoza kodi wakaona ni uzembe si makusudi, na Januari 2023 akafutwa kazi ya uenyekiti wa chama kwa kutosema mapema. Na Septemba 2025 Angela Rayner, naibu waziri mkuu na waziri wa nyumba, akajiuzulu kwa kulipa pungufu ya ushuru wa kununua nyumba, kama pauni 40,000. Waziri wa nyumba, ushuru wa nyumba. Ukisikia mganga hajigangi ndo hiyo.

Sasa uone kitu kimoja. Zahawi na Rayner hawakunaswa na muhtasari wa hiari, walinaswa na waandishi wa habari. Hiari inakuonyesha karatasi ambayo mwenyewe amekubali uione, siku aliyochagua yeye.

WAZI KWA WOTE (Norway na jirani zake)

Hii ndo ile watu hupenda kuitaja wakiwa na hasira. Norway orodha za kodi ziko wazi tangu karne ya 19, zamani ulikuwa unaenda ofisi ya kodi unafungua kitabu, 2001 magazeti yakaweka mtandaoni. Unapata namba tatu, mapato halisi, mali halisi, kodi iliyotozwa, za waziri mkuu na za jirani yako na za mwalimu wa mtoto. Finland mwanzoni mwa Novemba huwa wanatoa za watu wa kipato kikubwa na wenyewe wameipa jina siku ya wivu ya taifa.

Faida ipo. Watafiti waliangalia Norway wakakuta wenye biashara walianza kutangaza mapato zaidi kwa kama asilimia 3 mtandao ulipofungua orodha kila mahali. Hasara pia ipo, wasio nacho walizidi kujiona duni na watoto wakaanza kuchekana shuleni kwa mshahara wa baba. Ndo 2014 wakaweka kitu ambacho mimi naona ni akili sana, unaweza kutafuta lakini lazima uingie kwa jina lako na uliyemtafuta anaona ni wewe. Utafutaji ukaanguka kutoka milioni 16 na nusu kwa mwaka mpaka kama milioni 2. Kumbe nchi ya watu milioni 5 wengi walikuwa wanachungulia mashemeji.

Lakini usidhani wanasiasa wao ni malaika. 2021 ikafumuka habari ya nyumba za bunge za Oslo wanazopewa wabunge wa mikoani. Kjell Ingolf Ropstad, waziri na kiongozi wa chama cha Wakristo, akajiuzulu juu ya kodi ya fao la nyumba hiyo, na Novemba spika wa bunge Eva Kristin Hansen akaondoka kwa mambo ya nyumba hizohizo, hata miezi miwili hajamaliza kwenye kiti. Orodha ya kodi haikuwakamata hawa, inaonyesha kodi iliyotozwa tu, ile iliyokwepwa haiandikwi.

Kwetu hii ya wote sitaki hata kuisikia, na nitasema kwa nini. Weka mapato ya kila Mkenya mtandaoni leo, kesho asubuhi una jamaa kumi mlangoni, mmoja karo, mmoja hospitali, mmoja ana wazo la biashara, na usiku kuna wasiobisha hodi. Norway mgonjwa anatibiwa na serikali, hapa anatibiwa na harambee, kwa hivo namba ya mapato yako si habari, ni bili.

ORODHA YA VIONGOZI (Pakistan)

Hii hutasikia watu wakiitaja, na mimi ndo naipigia debe. Disemba 2012 mwandishi Umar Cheema alitoa ripoti kwamba karibu asilimia 70 ya wabunge wa taifa hawakufaili ritani za mwaka uliotangulia. Asilimia 70, wenye kupitisha bajeti. Aibu ikawa kubwa, Februari 2014 mamlaka ya mapato yenyewe ikachapisha kitabu, jina la kila mbunge na kodi ya mapato aliyolipa. Haikumngoja mheshimiwa ajisikie kutoa. Miezi michache baadaye wakachapisha ya walipa kodi wote pia, ila hiyo mimi nimeshasema maoni yangu.

Kasoro yake ni kubwa na lazima uijue. Kitabu kilionyesha kodi ya serikali kuu, na Pakistan mapato ya kilimo yanatozwa na majimbo, na majimbo yalikuwa yanatoza kidogo sana, na nani ana mashamba makubwa? Wabunge. Kwa hivo ulikuwa unakuta bwana mwenye ardhi mpaka jicho linapoishia amelipa pesa ya kununua viatu, na hajavunja sheria. Watu wakakasirika zaidi kuliko kabla. Namba moja bila mapato kando yake inachoma bila kueleza.

SASA UKIPANGA PAMOJA

Swali la kwanza kwangu ni karatasi inatoka mkononi mwa nani. Bahasha inatoka kwa kiongozi inaenda kabatini. Hiari inatoka kwa kiongozi inakuja kwako imeshachujwa. Pakistan na Norway inatoka kwa mtoza kodi, na hapo tu ndo kiongozi hachagui siku wala ukurasa. Hili peke yake linaitoa hiari kwenye mashindano. Mgombea akikwambia 2027 mimi nitatoa ritani zangu mwenyewe mshukuru, halafu muulize kama ataunga mkono sheria ya kumlazimisha atakayemfuata.

Swali la pili inaonyesha nini, hapo Norway inashinda, namba tatu pamoja, mapato, mali na kodi. Pakistan moja. Sisi siku ya msasa moja pia, ila ile nyingine.

Swali la tatu nani anaumia asiyehusika, hapo Norway inaanguka kwa mazingira yetu, na Pakistan sehemu ile ya viongozi inasimama, manake aliyeomba kura kwa hiari yake amekubali kuchunguzwa.

Kwa hivo langu ni mchanganyiko: orodha ya viongozi tu, rais mpaka MCA (diwani wa kaunti), namba tatu za Norway, zichapishwe na KRA kila mwaka, na mke ama mume aingie, manake kisa cha Murty kimetufunza na huku kwetu tuna shamba la jina la shemeji, hiyo hata Norway hawana dawa. Sheria itabidi iguswe, ile ya taratibu za ushuru ya 2015 inawafunga KRA mdomo juu ya faili ya mtu yeyote.

Ila usinielewe vibaya ukadhani imani itapanda siku hiyo hiyo. Itashuka kwanza. Fikiria orodha imetoka, unakuta mheshimiwa amepata milioni 40 amelipa kama 6, unapandisha mori, halafu anakuja mhasibu anakwambia aliuza ploti, faida ya kuuza mali inatozwa asilimia 15 tangu 2023, na gawio la hisa asilimia 5 tu, basi hesabu iko sawa. Na wewe mwalimu mshahara wako ukipita elfu 32 na kitu unakatwa asilimia 30 kwa kila shilingi ya juu. Hapo ndo utajua ulikuwa unagombana na mtu asiyefaa, ugomvi wako ni na zile asilimia, na zinapangwa palepale bungeni kila Juni, na waliokaa pale ni wenye ploti. Mimi huo ndo ugomvi nautaka. Ule wa saa na mishipi tumeupigana tukamaliza, hatukupata hata namba moja.

Basi mpaka sheria ije, akija mtaani kwenu na leso na unga mwambie atoe simu aingie iTax, mtandao wa KRA wa kufaili, akuonyeshe ritani ya mwaka jana, dakika mbili. Akikutolea cheti cha kwamba hadaiwi ushuru mrudishie, kile kinasema tu huna deni, hakisemi umelipa ngapi. Hata mimi ninacho, nilikipata mwaka ambao sikuwa na kazi nikafaili sufuri, na ni halali kabisa, kina mpaka namba.